Aibu ya Nani? Mazungumzo Kuhusu Neno "Deshonesto"

Leo tutakaa na neno moja la Kihispania, kivumishi kimoja tu, ambacho kwa zaidi ya karne moja kilikaa ndani ya sheria za Hispania na kumwelekeza hakimu amtazame nani kwa jicho la shaka. Neno lenyewe ni deshonesto. Likimhusu mwanamke huwa deshonesta, na wingi wake ni deshonestos au deshonestas. Herufi H imeandikwa lakini haisikiki kabisa. Tunatamka de-so-nes-to, mkazo kwenye "nes", silabi ya pili kutoka mwisho, kama tulivyozoea katika Kiswahili.

Aliyesoma Kiingereza akiliona neno hili limeandikwa atalipa maana upesi: mtu asiye mkweli, laghai. Siku hizi hatakuwa amekosea. Magazeti ya Madrid, Bogotá na Buenos Aires humwita hivyo kiongozi aliyekula fedha za umma. Lakini hiyo siyo maana iliyotawala zamani. Kwa karne nyingi, palabras deshonestas yalikuwa maneno machafu, yale ambayo mtu mzima hayatamki mbele ya mkwewe. Tocamientos deshonestos ni mikono iliyompapasa mtu pasipo haki. Proposición deshonesta ni kumtaka mtu kimwili kwa namna isiyo ya heshima, na usemi huo ungali hai mpaka leo.

Kihispania kina maneno mengi ya jamii hii. Kuna obsceno, kuna indecente, kuna lascivo kwa mtu aliyejaa ashiki, kuna soez kwa mwenye mdomo mchafu. Kuna hata verde, ambayo ni rangi ya kijani: chiste verde ni mzaha wa mambo ya chumbani, na viejo verde ni mzee anayewamezea mate wasichana wa umri wa wajukuu zake. Maneno hayo yana maisha yake mitaani. Nimechagua deshonesto kwa sababu ndilo lililoingia mahakamani, na huko ndiko lilikoumiza watu.

Chimbuko lake ni Kilatini, honestus, yaani mtu wa heshima, mwenye hadhi mbele za watu. Ukitanguliza des- unaiondoa heshima hiyo. Mpaka hapo hakuna ubaya. Ubaya umo katika jinsi heshima yenyewe ilivyogawanywa. Mwanamume wa Kihispania alisifiwa kuwa honrado: analipa madeni, anatimiza ahadi, hagusi cha mtu. Mwanamke alisifiwa kuwa honesta: macho chini, mavazi ya stara, hajaguswa na asiye mumewe. Upo msemo wa zamani wa kutofautisha sifa hizo mbili, kwamba honradez ni ya kutoka kiunoni kwenda juu, na honestidad ni ya kutoka kiunoni kwenda chini. Msemo mfupi, lakini sikiliza unachokiri. Mmoja alipimwa kwa matendo yake sokoni na kazini. Mwingine alipimwa chini ya kiuno. Kamusi ya Chuo cha Kifalme cha Lugha ya Kihispania, katika toleo la 2001, bado ilitanguliza adabu na haya ilipofafanua honesto. Maana ya uadilifu, ambayo wengi wetu tungeitaja kwanza, ilikuja ya nne.

Sitaki msikilizaji adhani naidharau haya. Sisi tumelelewa nayo, na mtoto akikosa haya tunamsikitikia yeye na aliyemlea. Tunajua maana ya staha, tunajua maana ya stara, na mtu anayejistahi hahitaji askari wa kumsimamia. Ninachokikataa ni dola kuigeuza haya kuwa kiingilio: mwenye nayo apite alindwe, asiye nayo abaki nje na yaliyomkuta. Hicho ndicho neno deshonesto lilichofanya lilipowekwa ndani ya sheria.

Ukisikiliza habari za mahakamani Tanzania utasikia mara nyingi kwamba fulani ameshtakiwa kwa "shambulio la aibu". Tunaelewa mara moja ni jambo la aina gani. Kihispania kilikuwa na kosa la ukoo huo huo, likiitwa abusos deshonestos. Abusos ni unyanyasaji, na deshonestos ndicho kivumishi chetu, kimesimama baada ya jina kama vivumishi vya Kiswahili vinavyosimama. Kosa lenyewe lilihusu kumshika mtu au kumtenda kimwili kwa namna isiyofika kwenye kubaka. Sasa jiulize, katika maneno hayo, aibu ni ya nani? Ni ya aliyeshika, au ya aliyeshikwa? Jibu la haraka ni la aliyeshika, bila shaka. Sheria yenyewe ilijibu vingine.

Tuifungue Kanuni ya Adhabu ya Hispania ya 1870. Makosa haya yote yalikusanywa chini ya kichwa kimoja: makosa dhidi ya honestidad. Humo mlikuwa na ubakaji na abusos deshonestos, na papo hapo mlikuwa na uzinzi, kashfa za hadharani, kumlaghai msichana na kumtorosha. Ukatili na mapenzi ya watu wazima waliopendana wenyewe viliwekwa mahali pamoja. Kilichoviunganisha ni kile ambacho sheria ilikuwa inakilinda. Hakikuwa mwili wa mwanamke, wala hiari yake. Kilikuwa jina lake jema, na jina hilo lilihesabiwa kuwa la baba yake kwanza, kisha la mumewe.

Ushahidi umo ndani ya vifungu. Mke akilala na mwanamume mwingine hata mara moja ni mzinifu na anafungwa. Mume hakuhesabiwa hivyo. Alishtakiwa iwapo tu ameweka hawara ndani ya nyumba ya ndoa, au nje kwa namna iliyozua kashfa. Aliyembaka mwanamke akimwoa, kesi inakwisha. Na mume aliyemfumania mkewe akamuua papo hapo, au akamuua yule mwanamume, adhabu yake ilikuwa kuhamishwa, akae mbali na mji kwa muda. Kama amemjeruhi tu na majeraha si mazito, hakuwa na adhabu yoyote. Baba naye alipewa nafuu hiyo kwa binti yake wa chini ya miaka 23 anayeishi nyumbani kwake.

Naomba tusipite hapo kwa haraka. Mtu ameua, na sheria inamwambia ahame mji. Ukitaka kujua kivumishi kinaweza kufanya nini, anzia hapo. Mwanamke akishaitwa deshonesta, hata uhai wake unashuka thamani katika kitabu cha serikali.

Jamhuri iliyozaliwa 1931, ile iliyowapa wanawake wa Hispania haki ya kupiga kura, iliyafuta mawili kati ya hayo katika kanuni yake ya 1932: kosa la uzinzi, na nafuu ya mume anayeua. Kisha ikaja vita, kisha utawala wa Jenerali Franco. Uzinzi ukarudishwa 1942, na nafuu ya muuaji ikarudi 1944. Hiyo ya pili iliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kosa la uzinzi lilimzika Franco mwenyewe.

Kuna kisa cha zama hizo kinachotufikia mpaka huku kwetu. Mwaka 1953 ilitoka filamu ya Mogambo, kazi ya mwongozaji John Ford, iliyopigwa kwa sehemu kubwa katika nchi zetu: Kenya, Tanganyika na Uganda. Clark Gable ni mwindaji. Grace Kelly ni mke wa mtafiti Mwingereza, na moyo wake unamhamia yule mwindaji. Mke wa mtu kupenda nje ya ndoa! Wakaguzi wa filamu wa Franco hawakuweza kulivumilia. Kwa kuwa filamu za kigeni ziliwekewa sauti za Kihispania, wakayabadilisha mazungumzo, na mke na mume wakawa kaka na dada. Lakini picha hazikubadilika. Watazamaji wa Hispania wakakaa gizani wakiangalia "kaka" na "dada" wanaoishi kama mke na mume. Katika kuuficha uzinzi, wakaguzi walizalisha zinaa ya maharimu, jambo zito kuliko lile walilolikimbia. Kisa hiki husimuliwa sana Hispania na watu hucheka. Mimi kinanihuzunisha, kwa sababu kinaonyesha serikali iliyojali namna jambo linavyoitwa na kusahau jambo lenyewe. Miaka hiyo hiyo walipokuwa wakimsafisha Grace Kelly kwenye kioo cha sinema, mke halisi aliyeuawa na mumewe kwa wivu aliweza bado kuhesabiwa kuwa amejitakia.

Franco alifariki 20 Novemba 1975. Mwaka uliofuata mwanamke mmoja alishtakiwa kwa uzinzi huko Barcelona, na wanawake wenzake wakaingia mitaani na mabango yaliyosema: mimi pia ni mzinifu. Sijui maandamano mengi yaliyolielewa neno vizuri kama yale. Neno la kumfedhehesha mmoja lilichukuliwa na wote, kwa hiari, mchana kweupe, na likakosa wa kumchoma. Mei 1978 uzinzi ukafutwa katika kanuni ya adhabu, na Desemba mwaka huo Hispania ikapata katiba mpya. Talaka ikaruhusiwa 1981. Picha za utupu, zilizokuwa zikipigwa marufuku jana yake, zikaning'inia kwenye vibanda vya magazeti.

Hata hivyo ndani ya kanuni ya adhabu, abusos deshonestos ilibaki palepale.

Mwanzoni mwa 1989, mahakama ya mkoa ya Lleida, katika Catalonia, ilitoa hukumu ambayo Wahispania wanaikumbuka mpaka leo kwa jina la hukumu ya minifalda, yaani sketi fupi. Mwajiri alimshika msichana aliyekuwa akimfanyia kazi. Mahakama ilimtia hatiani kwa abusos deshonestos na kumtoza faini. Lakini katika maelezo yake iliandika kwamba huenda msichana yule, kwa mavazi yake, alimchokoza mwajiri, pengine bila kukusudia. Nchi ikachafuka. Wanawake wakaandamana, magazeti yakaandika, wabunge wakaulizwa.

Lawama nyingi ziliwaendea mahakimu, na walistahili. Lakini tuitazame na lugha waliyokabidhiwa. Ukimpa hakimu kosa linaloitwa "deshonesto", umempa kazi ya kutafuta honestidad iko wapi katika shauri lile na nani aliivunja. Ataitafuta wapi? Atamtazama msichana. Sketi ilikuwa na urefu gani, alitembea na nani, alicheka vipi, alirudi nyumbani saa ngapi. Mwajiri amekaa pembeni, hakuna anayempima suruali. Wakili wa utetezi hana haja ya kuwa mtu mwovu ili aulize maswali hayo, maana kichwa cha sheria yenyewe kimemruhusu.

Tarehe 21 Juni 1989, miezi michache baada ya Lleida, ilitoka sheria iliyobadilisha kichwa hicho. Makosa dhidi ya honestidad yakawa makosa dhidi ya libertad sexual, uhuru wa mtu katika mambo ya mwili wake. Abusos deshonestos ikawa agresiones sexuales, mashambulizi ya kijinsia. Sikiliza tofauti ya vivumishi. Sexual ni neno kavu, linasema jambo ni la aina gani na kunyamaza. Halimsifu mtu, halimtukani. Na uhuru, tofauti na honestidad, kila mtu anao, awe bikira au kahaba, mke au mjane, mwanamke au mwanamume. Ndiyo maana sheria hiyo hiyo ilikubali kwamba hata mwanamume anaweza kubakwa, jambo ambalo kanuni ya zamani haikulitambua.

Ng'ambo ya bahari, Argentina ilichelewa miaka kumi. Kanuni yake ilikuwa na kifungu kilichomwadhibu anayelala na msichana wa kati ya miaka 12 na 15, kwa sharti kwamba msichana huyo awe mujer honesta, mwanamke mwenye staha. Mtoto wa miaka 13 aliulizwa na sheria kama ni honesta, ndipo ilipoamua kama ametendewa kosa. Sharti hilo liliondolewa 1999, kwa sheria namba 25.087, iliyoacha kusema honestidad na kuanza kusema integridad sexual, yaani mtu kuwa mzima katika mwili na jinsia yake bila kuingiliwa. 1999, ndugu msikilizaji. Wengi tunaosikilizana sasa tulikuwa watu wazima.

Baada ya kutoka mahakamani, neno letu limepata nafasi ya kupumua, na anayejifunza Kihispania au kukitafsiri anapaswa kuangalia limeandamana na nani. Likiwa karibu na funcionario, mtumishi wa serikali, au na kampuni, tafsiri yake ni ufisadi au udanganyifu. Likiwa karibu na mirada, mtazamo, au na proposición, bado ni lile la kale, la tamaa ya mwili. Katika maandiko ya karne zilizopita, hasa yanayozungumzia wanawake, uchukulie kwanza ni la kale.

Ndugu yake, indecente, amesafiri upande mwingine, na safari yake imenifurahisha. Zamani alikwenda kuchunguza nguo za watu ufukweni. Leo utamsikia mfanyakazi wa Seville akiuita mshahara wake indecente, kwa kuwa ni mdogo hata kumdhalilisha mtu, na utasikia nyumba yenye ukungu na maji machafu ikiitwa hivyo. Tarehe 14 Desemba 2015, siku sita kabla ya uchaguzi mkuu, kiongozi wa upinzani Pedro Sánchez alimkabili Waziri Mkuu wa wakati huo, Mariano Rajoy, kwenye mdahalo wa televisheni, na akiwa anazungumzia kashfa za rushwa za chama cha Rajoy akamwambia kwamba mkuu wa serikali anapaswa kuwa mtu decente, na yeye siye. Rajoy alighadhibika, akayaita maneno hayo ya kinyonge na ya kudharaulika. Nchi nzima ilijua kwamba hakuna aliyezungumzia chumba cha kulala. Walizungumzia fedha za umma. Nadhani huko ndiko neno la aibu linakostahili kwenda kufanya kazi, kwa wenye madaraka.

Lakini kubadili neno hakumalizi mazoea ya watu. Julai 2016, katika sherehe za San Fermín mjini Pamplona, wanaume watano walimwingiza msichana wa miaka 18 kwenye ukumbi wa jengo na kumfanyia unyama. Kesi ilipoanza, upande wa utetezi ulikuwa tayari umeajiri mpelelezi binafsi wa kuchunguza msichana anaishije baada ya tukio lile, anatoka na nani, anaweka picha gani mtandaoni. Honestidad ilikuwa imetoka kwenye kitabu cha sheria miaka mingi nyuma, na bado ilikuwa inatafutwa kwa ada ya kulipwa. Aprili 2018 mahakama ya Navarra iliwatia hatiani kwa abuso, kosa dogo kuliko ubakaji, kwa maelezo kwamba hapakuwa na nguvu wala vitisho vya kiwango kilichotakiwa na sheria. Barabara za miji ya Hispania zikajaa watu. Mahakama ya Juu ilipolisikiliza shauri hilo ilisema ni ubakaji na kutoa kifungo cha miaka 15. Ilikuwa tarehe 21 Juni 2019, miaka thelathini kamili tangu sheria ile ya 1989.

Kutokana na kesi hiyo Hispania iliandika upya sehemu hiyo ya kanuni mwaka 2022. Sasa neno abuso nalo limeondoka kwa makosa wanayotendewa watu wazima, na kila tendo la kijinsia lisilo na ridhaa linaitwa agresión. Hivyo katika ule usemi wa zamani, abusos deshonestos, kivumishi kiliondoka 1989 na jina lake likakifuata 2022. Sheria hiyo mpya ilikuja na kasoro: kwa kuyaunganisha makosa, baadhi ya viwango vya chini vya adhabu vilishuka, na wafungwa wengi wakapunguziwa vifungo, jambo lililowauma waathirika na kuitikisa serikali. Aprili 2023 bunge lilirekebisha viwango hivyo. Marekebisho yaligusa miaka ya kifungo; kipimo cha ridhaa hakikuondolewa. Mwendesha mashtaka wa Hispania leo anatakiwa kuonyesha kwamba mtu hakuridhia. Mavazi ya mtu huyo, ubikira wake na sifa zake mtaani hazimo katika maelezo ya kosa.